Namna ya Kufanya Mahojiano ya Historia Simulizi: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Anayehoji kwa ajili ya historia simulizi anatengeneza hati, na hilo ndilo linalomtofautisha na mwandishi wa habari anayetafuta kauli mbili tatu za kutia katika taarifa ya siku hiyo. Hati yake itasikilizwa na mtu ambaye hakuwamo chumbani, pengine miaka 50 baadaye, wakati mhojaji na msimulizi wote wawili hawapo tena wa kuulizwa walikusudia nini. Karibu kila ninachoshauri hapa chini kinatokana na msikilizaji huyo. Yeye ndiye anayehitaji sauti safi, tarehe iliyotamkwa na jina la mahali lililofafanuliwa, na zaidi ya yote anahitaji kujua masimulizi anayoyasikia yalipatikanaje: nani aliuliza, aliulizaje, na msimulizi alidhani anazungumza na nani.

Mpango wa kwanza wa chuo kikuu wa kukusanya masimulizi ya namna hii kwa utaratibu wa kudumu ulianzishwa na mwanahistoria Allan Nevins katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1948. Mahojiano ya mwanzo kabisa hayakurekodiwa kwa mashine. Mwanafunzi alikaa pembeni akiandika kwa mkono. Hata mashine zilipopatikana, kwa miaka kadhaa tepu nyingi zilifutwa na kutumiwa upya mara maandishi yalipokamilika, kwa kuwa iliaminika kwamba karatasi ndiyo hati, na sauti ilikuwa njia tu ya kuifikia. Leo wanaofanya kazi hii wengi wanashikilia kinyume chake: rekodi ndiyo asili, na maandishi ni msaada wa kuisikiliza. Kusita, kicheko, au sauti inayoshuka mtu anapomtaja marehemu ni sehemu ya ushahidi, na ni vigumu kuviandika vikabaki na uzito wake.

Mwongozo huu unahusu mambo ambayo msimulizi aliyaishi au kuyashuhudia mwenyewe. Mapokeo yanayorithishwa kizazi hadi kizazi yana mbinu zake za kuchunguzwa, nami sitayagusa hapa.

Hatua ya kwanza: jua unachokitafuta, kisha tafuta watu

Kukusanya kumbukumbu za wazee ni nia njema ambayo bado haijawa mradi. Kuchunguza kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda fulani cha nguo, tangu kilipofunguliwa hadi kilipofungwa, ni mradi, kwa sababu papo hapo unaona nani wa kumtafuta: waliosimama mashineni, wasimamizi, mlinzi wa getini, muuguzi wa zahanati ya kiwanda, na mume au mke aliyebaki nyumbani na watoto usiku kucha. Ukishaiandika orodha hiyo utaliona pia pengo lake. Wanaotajwa kwanza kwa kawaida ni wale waliokuwa na vyeo au wanaosifika kwa kusimulia, na hao mara nyingi wana masimulizi yaliyokwisha kunyooka kwa kurudiwarudiwa. Watafute, lakini usiishie kwao. Kila unayemhoji mwombe akutajie mtu ambaye anadhani angeyasimulia mambo hayohayo kwa namna tofauti. Ombi hilo humleta mtu ambaye asingetajwa na yeyote kama ungeuliza tu nani mwingine wa kumwona.

Kuhusu idadi, anza na wachache. Watu watano waliohojiwa vizuri, rekodi zao zikanukuliwa, yaani zikageuzwa maandishi, na kuwekwa mahali salama, wana faida kuliko thelathini ambao sauti zao zimelala katika simu ya mtu bila hata jina la faili.

Hatua ya pili: soma kabla ya kuuliza

Pitia magazeti ya wakati ule, ripoti za mwaka za shirika linalohusika, ramani, picha, na chochote kilichoandikwa, kisha ujitengenezee ukurasa mmoja wa mfuatano wa matukio. Ukurasa huo si wa kumsahihishia msimulizi. Kazi yake ni kukuwezesha kutambua pale anaporuka jambo. Ikiwa kulikuwa na mgomo wa wiki tatu, na mtu aliyekuwa kazini mwaka huo anapita juu yake bila kuutaja, mhojaji asiyesoma hatausikia ukimya huo, na kwa hiyo hatauliza.

Jifunze pia majina ya vyeo, mashine na sehemu za kazi. Msimulizi akiona hujui lolote hufupisha mambo kwa kukuhurumia, akiona unajua kila kitu huacha kueleza, akisema "si unajua mwenyewe." Njia ya katikati ni kujua, halafu kumwomba aeleze kwa ajili ya atakayesikiliza: "Mimi nimewahi kuiona picha yake, lakini kwa mtu ambaye hajaiona, mashine hiyo ilikuwaje?"

Hatua ya tatu: mazungumzo ya awali na ridhaa

Kutana na msimulizi, au angalau mpigie simu, kabla ya siku ya kurekodi. Katika mazungumzo hayo jieleze wewe ni nani, nani amekutuma kama yupo, rekodi itawekwa wapi na nani ataisikiliza. Usimwache aanze kusimulia. Masimulizi yanayotoka mara ya kwanza huwa na uhai ambao ni nadra kurudi, nawe huna kinasa sauti mkononi. Akianza kuingia ndani, mwombe kwa upole akuwekee hilo kwa ajili ya siku yenyewe.

Kwa nini nasisitiza kujieleza? Kati ya mwaka 1936 na 1938, serikali ya Marekani iligharimia kazi ya kukusanya masimulizi ya watu waliowahi kuwa watumwa, na zaidi ya masimulizi 2,300 yalipatikana katika majimbo 17. Miongoni mwa waliohojiwa alikuwamo bibi mmoja wa Charleston, South Carolina, aliyeandikwa kwa jina la Susan Hamlin, na mahali pengine Hamilton. Mwaka 1937 alihojiwa na mwanamke Mzungu, naye akamweleza bwana wake wa zamani kama mtu mwema. Alipohojiwa na Mwafrika Mmarekani, maelezo yake yalijaa viboko na familia zilizouzwa na kutenganishwa. Mhojaji wa kwanza aliandika mwenyewe kwamba bibi yule alidhani ametoka katika ofisi ya ustawi iliyokuwa ikimpa msaada, na kwamba hakujishughulisha kumwondolea dhana hiyo. Masimulizi yote mawili yamehifadhiwa, na mwanahistoria wa leo anaweza kuyapima kwa sababu moja tu: imeandikwa nani alimhoji na katika hali gani. Bila sentensi hiyo moja, simulizi la kwanza lingesomwa kama ushuhuda ulio wazi.

Hutaweza kujibadilisha rangi, jinsia, umri wala ukoo, na mtu wa ndani naye ana vikwazo vyake, kwani kuna mambo ambayo msimulizi humwambia mgeni anayeondoka kesho lakini hamwambii mtoto wa jirani. Unachoweza ni kusema ukweli juu yako, na kuuandika.

Ridhaa yenyewe iwe ya maandishi na ya sauti. Fomu ya ukurasa mmoja, katika lugha anayoisoma msimulizi, itaje madhumuni ya mahojiano, haki yake ya kukataa swali lolote au kusimamisha mazungumzo, rekodi itahifadhiwa wapi, nani ataruhusiwa kuitumia na kwa matumizi gani, kama jina lake litatajwa, na nani atakuwa na hakimiliki. Wengi huomba saini mara mbili: kabla ya mahojiano, kukubali kurekodiwa, na baada yake, kukubali matumizi. Naiona saini ya pili kuwa ndiyo yenye maana zaidi, kwa kuwa mtu hawezi kuridhia kwa dhati matumizi ya maneno ambayo bado hajayasema.

Hapa pia ndipo pa kujizuia usiahidi usichoweza kutimiza. Mwaka 2001, mradi mmoja uliofungamana na Boston College nchini Marekani ulianza kuwahoji watu walioshiriki mapigano ya Ireland ya Kaskazini, kwa ahadi kwamba masimulizi yao hayatatolewa wangali hai. Mwaka 2011 mamlaka za Marekani, kwa ombi la Uingereza, zilidai rekodi hizo kwa ajili ya upelelezi wa mauaji ya zamani, na baada ya mabishano mahakamani baadhi zilikabidhiwa. Ahadi ya siri ya mtafiti hailingani na kiapo cha siri kinacholindwa na sheria. Kwa hiyo sema: "Nitaifunga rekodi kwa kadiri sheria inavyoruhusu," na endapo msimulizi anaelekea kukiri kosa la jinai au kumtaja mwingine aliyelitenda, mkumbushe kwamba kinasa sauti kinafanya kazi.

Hatua ya nne: vifaa

Vifaa visikupotezee muda mwingi wa kufikiri, ila vijue kabla hujaondoka nyumbani. Kinasa sauti kidogo kinachorekodi katika faili za WAV, muundo unaohifadhi sauti bila kuibana, kinatosha. Kiweke kwenye kilohezi 48 (48 kHz) na biti 24, ambacho ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa rekodi zinazokusudiwa kudumu. Faili ya saa moja yenye njia mbili za sauti katika kiwango hicho huchukua takriban gigabaiti 1, na ya njia moja nusu yake. Usirekodi moja kwa moja katika MP3, kwa sababu muundo huo hutupa sehemu ya sauti ambayo haiwezi kurudishwa tena. Kama una simu tu, itumie, lakini iwekee maikrofoni ya nje, izime mawasiliano, na uhakikishe programu unayotumia inahifadhi WAV.

Maikrofoni ya kubana kwenye nguo ikae kifuani, kiasi cha sentimita 20 chini ya kidevu, mbali na mkufu au kitambaa kinachosuguana nayo. Vaa hedifoni angalau dakika za mwanzo, kwa maana sikio tupu halisikii kile maikrofoni inachosikia: jokofu, feni, pikipiki za nje, saa ya ukutani. Rekebisha kiwango ili sauti ya kawaida ya msimulizi ifikie takriban desibeli 12 chini ya sifuri (-12 dB; sifuri ndicho kikomo ambacho sauti ikikipita huharibika), upate nafasi pale atakapocheka au kupaza sauti. Chukua betri za akiba na kadi ya pili. Kabla ya kuanza, rekodi dakika moja ya chumba kikiwa kimya. Atakayehariri filamu au kipindi cha redio kutokana na mahojiano hayo ataihitaji.

Video inaongeza mikono, uso na mahali, lakini pia inaongeza taa, watu na woga. Kwa anayejifunza, naona ni bora amalize mahojiano kadhaa ya sauti kwanza.

Hatua ya tano: andaa mada, si dodoso

Andika mada saba au nane katika karatasi moja, chini ya kila mada maneno machache ya kukukumbusha, basi. Maswali yaliyoandikwa neno kwa neno humfanya mhojaji asome wakati anapaswa kusikiliza, na msimulizi huhisi haraka kwamba kuna orodha inayosubiri kumalizwa. Ninaandika kikamilifu maswali mawili tu: la kwanza, ambalo liwe pana na jepesi, kama vile kumwomba aeleze alikozaliwa na waliokuwamo nyumbani, na lile gumu kuliko yote, kwa kuwa swali gumu lisilotayarishwa hutoka likiwa na lawama ndani yake.

Mpangilio wa miaka unasaidia mwanzoni, lakini kumbukumbu haifuati kalenda. Msimulizi akiruka kutoka utotoni hadi mazishi ya mwenzake, mfuate, ukitia alama kwenye karatasi mahali alipoachia ili umrudishe baadaye.

Hatua ya sita: siku ya mahojiano

Fika mapema na uchague mahali pa kukaa kabla hamjaketi, kwa sababu ni aibu kumhamisha mzee aliyekwisha kutulia. Eleza kwa wenye nyumba kwamba mngependa kuwa wawili. Mtoto au mwenzi anayeketi pembeni huanza kwa kunyamaza, kisha husahihisha, na mwishowe husimulia yeye. Ikibidi awepo, mpe maikrofoni yake na umtaje katika utangulizi.

Utangulizi huo uurekodi kila mara, hata kama mnafahamiana: tarehe, mahali, jina lako, jina la msimulizi, mada, na ridhaa yake kwa sauti yake mwenyewe. Ndiyo dakika moja ambayo mtunza nyaraka atakushukuru kwayo, kwa sababu karatasi hupotea na majina ya faili hubadilishwa.

Sasa maswali. Swali zuri ni fupi, lina jambo moja, na haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Wanaoanza huuliza zaidi kuhusu hisia, wakiamini kwamba hapo ndipo penye uzito, na hupata jibu kama hili:

"Mama, siku ile kiwanda kilipofungwa ulijisikiaje?"

"Vibaya. Sote tulijisikia vibaya."

Hakuna kosa katika jibu hilo, ila halina kitu cha kushika. Sasa swali lile likielekezwa kwenye kilichoonekana:

"Hebu nieleze, Mama, tangu ulipofika getini asubuhi ile."

"Getini tulimkuta mlinzi mgeni. Yule wetu wa siku zote hakuwepo. Nikamwambia mwenzangu, leo hapa kuna jambo. Tukaambiwa tukae mstari mmoja, wanawake huku, wanaume kule, na mimi nilikuwa na kanga ya kumpelekea dada mmoja wa idara ya kusokota, nikabaki nayo mkononi mpaka jioni."

Katika sentensi nne tumepata utaratibu wa kufunga, mgawanyo wa wafanyakazi, jina la idara, uhusiano wa watu, na hisia zenyewe zimo katika ile kanga. Kinachofuata ndicho kinachompima mhojaji. Mwenye orodha ataendelea na swali lake la malipo ya kuachishwa kazi. Anayesikiliza atauliza, "Yule mlinzi wa siku zote alikuwa wapi?" au "Kwa nini wanawake walitengwa na wanaume?" Swali la kufuatilia linalotumia maneno ya msimulizi mwenyewe humthibitishia kwamba amesikika, na kila mara humfungua zaidi ya swali lililotungwa nyumbani.

Epuka maswali yenye jibu ndani yake, kama vile "Bila shaka mlikuwa mnanyonywa sana?" Mtu mstaarabu atakubaliana nawe kwa heshima, na hati itabeba maoni yako kwa sauti yake. Epuka pia kuitikia kwa mdomo kila baada ya neno. "Mhm" na "ehee" zako zitakuwa juu ya sauti yake katika rekodi. Tikisa kichwa, mtazame, na uandike kidogo.

Kunyamaza ni sehemu ya kuuliza. Msimulizi anapomaliza sentensi, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kusema lolote. Kwa anayehoji muda huo ni mrefu wa kutisha, lakini kwa anayekumbuka ni mfupi, na mara nyingi sentensi inayofuata ndiyo aliyokuwa akiipima kama aiseme au aiache.

Msaidie msikilizaji wa baadaye pale mikono inaposema. Msimulizi akionyesha kimo cha mtoto au ukubwa wa chumba, tamka: "Unaonyesha kama urefu wa meza hii." Majina ya watu na mahali usimkatize kuyauliza tahajia, yaandike na umwombe mwishoni.

Muda usizidi dakika 90 mpaka saa mbili, hata kama yeye anasema hajachoka. Rudi siku nyingine. Mahojiano ya pili kwa kawaida ni bora kuliko ya kwanza, kwa kuwa katikati yake msimulizi ameendelea kukumbuka peke yake. Kabla ya kuzima uliza: "Kuna jambo ambalo sikuuliza na ungependa libaki?" Halafu usiwe na haraka ya kuzima mashine, maana wengi hutoa la moyoni wakati unakunja waya. Likitoka baada ya kuzima, omba ruhusa ya kuwasha tena. Asipotoa, si la hati.

Kumbukumbu inapopingana na maandishi

Utasikia tarehe zisizowezekana. Katika mji wa Terni, Italia, kijana mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, Luigi Trastulli, aliuawa na polisi tarehe 17 Machi 1949, wakati wa maandamano ya kupinga nchi hiyo kujiunga na NATO. Mtafiti Alessandro Portelli alipowahoji watu wa mji huo miongo kadhaa baadaye, wengi walimweleza kwamba Trastulli alikufa mwaka 1953, katika ghasia za kupinga kuachishwa kazi kwa wafanyakazi. Portelli hakuyatupa masimulizi hayo kama makosa. Alionyesha kwamba mji ulikihamisha kifo hicho hadi kwenye tukio ulilolihesabu kuwa kubwa zaidi, na kwamba kuhama kwenyewe ni habari ya historia ambayo hakuna jalada la polisi ambalo lingeitoa.

Kwa hiyo usibishane wala usinyamaze tu. Unaweza kusema, "Magazeti ya wakati ule yanataja mwaka 1949, wewe unalikumbuka vipi?" Ukiliweka hivyo, msimulizi anaweza kurekebisha, kusimamia kauli yake, au kueleza kwa nini magazeti hayakuaminika, na yote matatu yanafaa kubaki katika rekodi. Namna nzuri ya kupima anachokijua ni kuuliza alijuaje: aliona, aliambiwa, au alisoma baadaye?

Machungu yanapoibuka

Msimulizi akilia, usizime kinasa kwa kushtuka na usimpapase kwa maneno mengi. Subiri, kisha muulize kama angependa kupumzika, kuendelea au kuacha, na umwache aamue yeye. Wewe si mganga wa nafsi. Usichimbe ukatili aliofanyiwa mtu kwa sababu tu unaona rekodi inazidi kuwa na nguvu; na usiondoke mara baada ya sehemu hiyo, bali mrudishe kwenye siku za karibuni, kaeni kidogo bila mashine, na kesho yake umpigie simu. Kama mada yako inajulikana tangu mwanzo kuwa ya majeraha, uwe na jina la mshauri unayeweza kumwelekeza kwake.

Mazoezi kabla ya msimulizi wa kweli

Ustadi huu haupatikani kwa kusoma. Mhoji mwanafunzi mwenzako kwa dakika 20 kuhusu siku yake ya kwanza kazini au shuleni, kisha sikiliza rekodi ukiwa na kalamu, ukihesabu mara ulizomkatiza, maswali yaliyobeba mambo mawili, na nyuzi alizokuachia ukapita bila kuzishika. Sikiliza hata kama sauti yako inakukera. Halafu mbadilishane, uhojiwe wewe, kuhusu jambo ambalo si jepesi kwako. Utajua kwa mwili wako mwenyewe jinsi inavyokuwa kusubiriwa, na jinsi swali la haraka linavyofunga mdomo.

Hatua ya saba: jioni ileile

Nakili faili kabla hujalala, na usifute kadi mpaka nakala zimehakikishwa kwa kusikilizwa. Kanuni inayotumiwa sana ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine kabisa. Ipe faili jina linalojieleza, likianza na mwaka, mwezi na siku, kisha jina la ukoo la msimulizi na namba ya sehemu. Faili ya asili isiguswe tena. Ukihariri, hariri nakala.

Kisha andika ukurasa mmoja wa maelezo ya mazingira: chumba, nani aliingia na kutoka, msimulizi alionekanaje, kilichosemwa kabla na baada ya kurekodi kama ameruhusu, na wewe ulikuwa nani machoni pake. Maelezo ya namna hii ndiyo yaliyotuwezesha kuielewa habari ya yule bibi wa Charleston.

Hatua ya nane: faharasa na unukuzi

Saa moja ya sauti huchukua kati ya saa nne na nane kuinukuu, na zaidi ikiwa kuna lugha mbili au kelele. Kwa hiyo anza na faharasa ya muda, ambayo ni orodha ya dakika na mada kwa sentensi moja moja, kwa mfano "00:14:30, asubuhi ya kufungwa kwa kiwanda, mlinzi mgeni getini." Faharasa hukamilika kwa siku moja, na kwa miradi mingi midogo inatosha kumfikisha msikilizaji pale anapotaka.

Ukinukuu, chagua kanuni na uiandike juu ya ukurasa wa kwanza. Mimi huacha lahaja, marudio yenye uzito na sentensi zilizokatika, na huondoa vigugumizi visivyoongeza maana. Usimsanifishie msimulizi lugha. Aliyesema kwa lafudhi na msamiati wa kwao aandikwe hivyo, na neno lisilojulikana lielezwe katika mabano ya mraba, ambayo ndiyo alama kwamba ni lako. Programu za kunukuu kwa kompyuta zinaweza kutoa rasimu, lakini hukosea hasa majina, namba na maneno ya kazi, yaani yale ambayo mtafiti atayatafuta, na kwa hiyo rasimu yake isikilizwe neno kwa neno. Rekodi yenye siri usiipandishe katika huduma ya mtandaoni ambayo hujui inahifadhi nini.

Hatua ya tisa: kurudisha na kukabidhi

Mpelekee msimulizi nakala ya sauti na ya maandishi, umpe muda wa kutosha kuisoma au kuisomewa. Akitaka kufafanua, ongeza maelezo yake kama nyongeza yenye tarehe, badala ya kuyaingiza ndani ya mazungumzo kana kwamba aliyasema siku ile. Akitaka sehemu ifungwe, fungeni kwa muda mnaokubaliana, iwe miaka 10 au hadi atakapofariki, na mwandike sharti hilo katika fomu ya pili. Akitaka kuyaondoa yote, yaondolewe. Mtu aliyekupa maisha yake hana deni la kukueleza sababu.

Kituo cha kuhifadhi nyaraka kitafute mapema, kabla hata ya mahojiano ya kwanza, kwa kuwa kila kimoja kina matakwa yake ya muundo wa faili na fomu. Unachokabidhi ni fungu kamili: faili ya asili, nakala ya kusikilizia, faharasa au unukuzi, fomu mbili za ridhaa, ukurasa wa mazingira, na picha ya msimulizi kama aliikubali. Masharti ya kufunga yaandikwe juu ya fungu hilo na pia ndani ya maelezo ya kila faili, pamoja na mwaka ambao yatakwisha na jina la cheo, si la mtu, kitakachokuwa na mamlaka ya kuyafungua.